Heko, Wafugaji wa Fukusi

Gugu maji lilipoziba mialo ya Ziwa Victoria miaka ya 1990, mitumbwi ilikwama. Wapo walioleta mashine, wapo walioshika mapanga. Pongezi zangu nazipeleka kwa waliofuga wadudu.

Kazi yenyewe haina fahari. Unajaza tangi maji, unaotesha gugu lile lile adui, unaweka fukusi wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya Amerika Kusini, kisha unangoja wazaane. Fukusi mzima hafikii urefu wa punje ya mchele. Yeye hukwangua majani. Buu wake hutoboa kikonyo hadi kwenye moyo wa mmea, maji yakaingia, gugu likaoza na kuzama. Uganda iliwaachia ziwani mwaka 1995, Kenya na Tanzania zikafuata 1997. Miaka michache baadaye gugu lilikuwa limepungua sana.

Haki isemwe: mawimbi na mvua za El Niño navyo vilisaidia. Ila El Niño haikuhitaji mtu wa kuokota fukusi mmoja mmoja kwa mkono, na wavuvi waliofundishwa ufugaji huo waliwaokota. Mbegu zingali kwenye tope, na Ghuba ya Winam, ziwani humo humo, hufunikwa tena na tena. Matangi yasianikwe.