"Umungu Mmoja" na Hoja ya Kilatini
Wapo wanaodai kuwa Misa imepoteza usahihi tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za wenyeji mwaka 1963. Tuipime hoja hiyo kwa istilahi moja. Katika Kanuni ya Imani, muumini wa Tegeta hukiri kuwa Mwana ana "umungu mmoja" na Baba. Kilatini husema consubstantialem. Ni kweli kuwa neno "umungu" halitaji dhati, ambayo ndiyo kiini cha istilahi hiyo. Hapo wakosoaji wana haki. Lakini Kilatini nacho kilifasiri neno la Kigiriki lililopitishwa Nikea mwaka 325. Basi kasoro ya tafsiri hurekebishwa kwa tafsiri bora. Anayekiri sharti aelewe anachokikiri.