Povu Si Kipimo cha Zulia Safi

Anayetaka kumpima msafishaji wa mazulia aache kutazama povu, atazame kinachofanyika kabla maji hayajamwagwa. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, nywele, vijinyuzi vya nguo. Mchanga hauyeyushwi na sabuni yoyote. Hushuka hadi shinani mwa nyuzi, na kila unapokanyagwa, ncha zake huzikwaruza, mpaka njia ya wapitaji ikafifia na kuonekana chafu hata baada ya kuoshwa. Dawa yake ni kulikung'uta zulia kwa mgongoni na kulipitishia mashine ya kuvuta vumbi polepole, kwenda na kurudi. Wengi hushawishiwa na maji meusi yanayotiririka: si huo uchafu unatoka? Unatoka, ndiyo, ila sehemu yake ni vumbi lililoweza kutoka kavu, fundi akaligeuza tope. Na tope likishatuama shinani ni kazi kulitoa.

Uchafu unaobaki ndio unaohitaji akili. Mafuta ya biriani hayachanganyiki na maji, hivyo huhitaji sabuni, ambayo upande wake mmoja hushika mafuta na wa pili hushika maji, joto husaidia. Damu na yai, kinyume chake, huganda kwa maji ya moto, kwa hiyo huanzwa kwa baridi. Manjano ndiyo mtihani hasa: ikikutana na sabuni kali yenye magadi hugeuka nyekundu, na mwanga wa jua huififisha kuliko brashi. Kisha kuna uzi wenyewe. Polipropilini, ya mazulia mengi ya kiwandani, hainywi maji, basi chai haipenyi ndani yake, lakini mafuta huing'ang'ania. Sufu hudhoofishwa na magadi makali, na jiki huiyeyusha kabisa. Fundi makini huchomoa uzi pindoni: wa polipropilini huelea majini, na ukichomwa huyeyuka ukawa donge, wa sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Asiyejali zulia ni la uzi gani, usimpe la sufu.

Yupo atakayesema waoshaji wa kando ya barabara hutumia sabuni ya unga na brashi tu, kwa bei nafuu, na mazulia yanang'aa. Ni kweli, na polipropilini huistahimili kazi hiyo vizuri. Kasoro iko kwenye kusuuza. Sabuni iliyobaki hunata na kudaka vumbi jipya, na hapo ndipo ulipotoka usemi kwamba zulia likishaoshwa mara moja huchafuka upesi. Hata kukausha kuna hila yake: unyevu wa shinani hupanda hadi nchani ukibeba uchafu, na doa lililotoweka juzi hurudi. Kwa hiyo usilikague siku ya kuletewa, tena ukiwa umelewa marashi waliyonyunyizia. Subiri likauke kabisa, tenganisha nyuzi utazame shina, kisha sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikiteleza au kutoa povu, lirudishwe likasuuzwe. Kuna jambo ambalo si haki kumdai fundi: alama ya jiki si uchafu, ni rangi iliyokwisha kuondoka, na anayeahidi kuitoa kwa sabuni aulizwe anatoa nini.