Mtoto Nyuma ya Kaunta

Sisi waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja. Tukishika kalamu tunakimbilia mapinduzi, ujambazi na mapenzi ya usaliti. Nyumbani kwetu hatuoni hadithi: baba yuko dukani, mama yuko jikoni, basi. Leo naleta dawa ya ugonjwa huo kutoka mbali: riwaya ya Judy Fong Bates, Midnight at the Dragon Café (2004), na kitabu chake cha kumbukumbu, The Year of Finding Memory (2010). Visomwe pamoja, maana kimoja kinakisuta kingine.

Fong Bates alizaliwa China, akapelekwa Kanada angali mdogo, akakulia katika miji midogo ya jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa dobi, mtu wa kufua na kupiga pasi nguo za wenzake. Riwaya inatupa mtoto Su-Jen, ambaye pale ugenini anaitwa Annie, katika mji wa kubuni wa Irvine, miaka ya 1950. Wazazi wake wana mgahawa, na ndio Wachina peke yao mjini. Baba ni mzee. Mama bado kijana, na hana raha. Halafu anaingia Lee-Kung, mtoto mkubwa wa baba kwa mke mwingine, kuja kusaidia kazi. Msomaji wa mtaani atasema: aa, hii naijua! Kweli anaijua. Yatakayotokea kati ya mama na Lee-Kung hayahitaji mpiga ramli.

Lakini hebu tujiulize: familia hii ilipatikanaje, mume amzidi mke kwa umri kiasi hicho, na mtoto wa kambo awe mtu mzima? Jibu limo katika sheria. Kuanzia 1885 Kanada iliwatoza Wachina kodi ya kichwa ya dola 50, na kufikia 1903 ilikuwa dola 500. Mwaka 1923 ikapitishwa sheria iliyokaribia kuwafungia mlango kabisa, nayo haikufutwa hadi 1947. Waume wakabaki Kanada, wake na watoto wakabaki China, na umri haukumngoja mtu. Serikali ilikuja kuomba radhi 2006. Kwa hiyo aibu ya nyumba ile ilipandwa na serikali kabla Su-Jen hajazaliwa. Mwandishi hatuhutubii hata kidogo. Sheria nzima ameiweka katika mvi za baba na ujana wa mama. Wale tunaobishana kila siku kuhusu fani na maudhui, mfano ndio huo.

Uzuri wa pili ni msimulizi. Mtoto anajua Kiingereza kuwashinda wazazi wake, kwa hiyo anaishi nyumba mbili kwa wakati mmoja. Shuleni ni Annie, nyumbani ni Su-Jen. Anaona asiyotakiwa kuona, na hana wa kumwambia. Akisema nje, mji utawacheka. Akisema ndani, baba atavunjika. Basi ananyamaza, na kile kimya ndicho kinachotufanya tufungue ukurasa unaofuata.

Kasoro ipo, nayo ni baba. Anafanya kazi, anameza fedheha, anafanya kazi tena. Tunamhurumia tu, hatumjui. Nilipomaliza riwaya nilisema mwandishi kachoka kwa mhusika huyu. Kisha nikasoma kile kitabu cha kumbukumbu. Baba yake halisi alijiua mwaka 1972. Miaka mingi baadaye binti anasafiri hadi China, na huko anasikia watu wakimtaja baba yake kwa heshima, kama mtu aliyekuwa na uzito kwao. Binti anashangaa. Miaka yote ile alimwona dobi aliyepinda mgongo, kwa sababu mji nao ulimwona hivyo. Kumbe alikuwa amevaa miwani ya mji bila kujua!

Je, hilo linaisamehe riwaya? Nusu tu. Mtoto huona anachoona, sawa. Lakini mwandishi ni mtu mzima, na dirisha moja lingetosha kutuonyesha baba alikuwa nani kabla ya mgahawa. Dirisha hilo alilifungua miaka sita baadaye, katika kitabu kingine.

Na sisi je? Katika hadithi zetu Mhindi au Mwarabu wa dukani hupima sukari, husema maneno mawili ya kuchekesha, hutoweka. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na sasa akiwa mwandishi wa Kanada pia, alituonyesha maisha ya familia kama hizo kutoka ndani katika The Gunny Sack (1989). Wangapi kati yetu tumejifunza kwake?

Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Mimi niliwahi kuandika kisa cha baba muuza genge anayekosea Kiingereza mbele ya mwalimu wa mwanawe. Kilisomwa kwa sauti, watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Baba yule alikuwa wangu, na mpaka leo sijamuuliza alikuwa nani kabla ya lile genge. Yuko hai. Kisa kile nitakiandika upya, ila safari hii nitaanza kwa kwenda kukaa naye.