Jamhuri, Demokrasia na Mjumbe

Wamarekani wapendao kubishana juu ya serikali yao wana usemi wanaourudia sana, ya kwamba nchi yao si demokrasia bali ni jamhuri. Usemi huo ukifasiriwa kwa Kiswahili neno kwa neno, kama ulivyoandikwa hapa, hautoi maana iliyokusudiwa. Msomaji wa Mwanza au wa Ukerewe akiambiwa kwamba nchi fulani si demokrasia bali ni jamhuri, ataelewa kwamba huko hapana mfalme, na tena watu hawachagui viongozi wao kwa haki. Msemaji hakukusudia hivyo hata kidogo. Wala haifai kumlaumu msomaji, kwa kuwa amelipokea neno jamhuri kwa maana yake halisi katika lugha yake. Aliyekosa ni mfasiri, aliyedhani kwamba maneno mawili yaliyopangwa sambamba katika kamusi yana historia moja.

Asili ya mabishano hayo ya Marekani ni mwaka 1787, wakati katiba yao ilipokuwa imekwisha kuandikwa Philadelphia na inangojea kukubaliwa na majimbo. James Madison, katika makala ya kumi ya zile zijulikanazo kwa jina la The Federalist, alitofautisha namna mbili za utawala wa watu. Ya kwanza ni ile ambayo raia, wakiwa wachache, hukutana wenyewe mahali pamoja na kuamua mambo yao; hiyo aliiita demokrasia, na mfano wake ni miji ya Wayunani wa kale. Ya pili ni ile ambayo raia huwachagua watu wachache wakaamue kwa niaba yao, nayo kwa sababu hiyo yaweza kuenea katika nchi kubwa yenye watu wengi; hiyo aliiita jamhuri. Hoja yake ilikuwa kwamba matakwa ya watu yakipita kwanza katika akili za wateule huchujwa, na kundi kubwa lenye hasira haliwezi kwa urahisi kulidhulumu kundi dogo. Katika maelezo hayo mfalme si kiini cha jambo. Kiini ni yule mtu asimamaye kati ya raia na sheria.

Sasa litazamwe neno jamhuri. Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, na shina lake, jumhur, maana yake ni watu wengi, umma, kundi kubwa. Lafanana kwa sauti na jamii na jumuiya, ingawa hayo mawili yatoka katika shina jingine lenye maana ya kukusanya. Na kufanana huko kumelizidishia neno harufu ya watu waliokusanyika pamoja. Basi kwa asili yake jamhuri iko karibu sana na lile neno la Kiyunani litokalo katika demos, yaani watu, kuliko ilivyo karibu na jamhuri ya Madison, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba watu wengi hawamo barazani. Kichekesho kidogo chaonekana Zanzibar. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 nchi ile iliitwa Jamhuri ya Watu, jina ambalo kwa mwenye kujua Kiarabu ni kama kusema umma wa watu. Wazanzibari hawakukosea, maana neno lilikuwa limekwisha kupata maana mpya, nayo ni nchi isiyotawaliwa na mfalme wala sultani.

Maana hiyo mpya ndiyo iliyofika ziwani. Tarehe 9 Desemba, 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, aliyeondoka ni Malkia wa Uingereza, na aliyeingia ni Rais. Bunge lilikuwapo kabla na likaendelea kuwapo baadaye. Mwaka 1963 utawala wa machifu nao ulifutwa, na kwa Wasukuma hilo lilikuwa tukio la karibu zaidi kuliko la Malkia, kwa kuwa ntemi alikuwa mtu wa kuonekana kwa macho. Huko ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda vingine. Uganda ilipata Rais mwaka 1963, naye alikuwa Kabaka Mutesa II mwenyewe. Falme zikafutwa na nchi ikawa jamhuri kwa katiba ya mwaka 1967. Kwa hiyo hata maelezo ya kwamba jamhuri ni nchi yenye rais, ambayo wanafunzi wengi wameyakariri, hayatoshi. Mwambao mmoja wa ziwa moja unayakanusha.

Je, Kiswahili hakina basi namna ya kuitaja tofauti ya Madison? Kinayo, lakini haiko mahali inapotafutwa. Imo katika maneno mjumbe na wakili.

Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Ujumbe si wake. Ni wa waliomtuma, na kazi yake ni kuufikisha kama alivyopewa. Ndiyo maana ikasemwa mjumbe hauawi: hawajibiki kwa maneno asiyoyatunga. Wakili ni mtu wa namna nyingine. Yeye amekabidhiwa jambo alisimamie, naye hutumia akili yake, hukubali hili na kukataa lile, na akikosa huulizwa yeye. Kutokana na wakili limepatikana neno mwakilishi, na Zanzibar tangu mwaka 1980 ina Baraza la Wawakilishi. Bara neno lililotumika zaidi kwa mtu wa baraza au wa kamati ni mjumbe, ingawa aghalabu mtu huyo anafanya kazi ya wakili. Hapo ndipo penye mchanganyiko, na hapo ndipo ilipo tofauti aliyoitaka Madison: demokrasia yake haihitaji mjumbe wala wakili, jamhuri yake yataka wakili, na kati ya hizo mbili yuko mjumbe, ambaye Madison hakumpenda sana. Tena lipo neno jumbe, lililokuwa cheo cha mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani na Waingereza. Jumbe alileta amri za serikali chini kwa watu. Mjumbe anatakiwa kuyapeleka maneno ya watu juu. Mjumbe wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU katika miaka ya 1960, alipewa kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na si ajabu kwamba mara nyingi moja iliizidi nyingine.

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliijua tofauti hii kwa matendo kabla haijaandikwa katika vitabu vya shule. Malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi ndiyo yaliyowaunganisha, na mwaka 1955 likaundwa Mwanza shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa herufi V.F.C.U., chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima alikuwa mwanachama wa chama cha msingi. Chama cha msingi kilituma watu katika chama kikubwa. Vyama vikubwa vilituma watu katika shirikisho. Katika chama cha msingi mkulima aliweza kusimama mwenyewe na kuuliza pamba yake ilipimwaje: hiyo ni demokrasia kwa maana ya Madison. Mwanza mjini hakuwapo. Alikuwapo mtu wa mtu wa mtu wake. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini pamoja na bodi za masoko, na miongoni mwa matatizo yaliyojadiliwa ni jinsi wanachama walivyokuwa mbali na uongozi. Hata hivyo ngazi zile zilikuwa zao, na walizipanda wenyewe. Vyama vikubwa vilipovunjwa na serikali mwaka 1976, hawakuulizwa.

Geita mwaka 1958 ulitoa mfano mkali zaidi. Serikali ya kikoloni ilianzisha huko baraza la wilaya la watu wa rangi zote, Waafrika, Wazungu na Waasia pamoja. Kwa umbo lilikuwa baraza la wawakilishi, na maofisa waliolibuni waliliona kuwa ni hatua ya maendeleo. Watu wa Geita walilikataa, wakaenda Mwanza kwa wingi mno kulipinga, na polisi wakatumiwa kuwatawanya. Yalikuwapo malalamiko mengine, kama vile sheria za mifugo, lakini lile la baraza lilikuwa kubwa, na baraza lenyewe halikudumu. Baadhi ya walioandika juu ya fujo zile wameyaona kuwa ni chuki ya rangi tu. Maelezo hayo ni mafupi mno. Wakili huwekwa na mwenye jambo. Akiwekwa na mtu mwingine hawi wakili, hata awe mwema namna gani.

Mwaka 1965 mchezo ulichezwa upya, safari hii na serikali ya wananchi. Katiba ya muda ilikuwa imeweka chama kimoja Bara, lakini katika majimbo mengi wagombea wawili wa chama hicho walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba. Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza, katika mji ule ule ulioshuhudia kukua kwake. Kisha akarudi Bungeni kwa uteuzi, akabaki waziri. Hakuna sheria iliyovunjwa, katiba iliruhusu. Lakini mpiga kura wa Mwanza aliyetaka kueleza kwa Kiswahili kilichotokea hakuwa na maneno ya kutosha. Kwamba nchi ni jamhuri, ilikuwa kweli kabla ya kura na baada ya kura. Kwamba kulikuwa na demokrasia, ilikuwa kweli siku ya kura. Alichokuwa nacho moyoni ni hiki: mjumbe wake alikuwa amemrudisha nyumbani, na mwingine akamchukua kuwa wakili. Yawezekana Rais alihitaji ujuzi wa mtu yule, na ujuzi alikuwa nao. Tangu mwaka 1972 alikuwa balozi huko Marekani kwa miaka mingi. Madison labda angelisifu chujio la namna hiyo. Tofauti ni kwamba chujio lake lilitakiwa kutoka chini kwa wapiga kura.

Nao Wamarekani wenyewe hawakukaa pale alipowaacha Madison. Maseneta, waliochaguliwa zamani na mabunge ya majimbo, tangu mwaka 1913 huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Wapiga kura maalumu wa kumchagua rais, ambao leo ni 538, walikusudiwa kuwa watu wa kupima kwa akili zao, yaani mawakili. Wamekuwa wajumbe, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo laweza kuwalazimisha kufuata kura ya watu. Hata hivyo hesabu yao ya majimbo ingaliko, na katika mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura nyingi za wananchi hakuwa rais. Wale wanaosema nchi yao ni jamhuri na si demokrasia husema hivyo hasa baada ya uchaguzi wa namna hiyo, wakati usemi unapowafaa.

Mfasiri anayekutana na usemi huo aandike, basi, kwamba Marekani haitawaliwi na mkutano wa raia bali na mawakili wao. Sentensi itakuwa ndefu kidogo, lakini itaeleweka Sengerema na Magu. Jamhuri na liachiwe kazi yake ya kutaja nchi isiyo na mfalme, kazi ambayo imeifanya vizuri tangu mwaka 1962. Neno demokrasia halina budi kubaki pana, kwa kuwa hivyo ndivyo limezoeleka. Lakini mjumbe na wakili yafaa yatenganishwe katika kamusi na katika vitabu vya uraia, kila moja na mifano yake, na pale mtu aliyeitwa mjumbe anapopewa mamlaka ya wakili, mwandishi aseme wazi ni nani aliyempa.