Yule Aliyelala Chini Ana Mdomo

Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wa kikundi chetu huku upande wa Rugaaga waliigiza Msamaria Mwema. Igizo lile nililiandika mimi. Kwa hiyo msishangae nikilisema vibaya, ni afadhali nilisema mwenyewe kabla hamjanisemea.

Tuliiondoa hadithi kwenye njia ya Yerusalemu na Yeriko, tukaileta kwenye barabara yetu ya vumbi, hii ya kuelekea Mbarara. Kuhani akawa pasta mwenye spika kubwa begani. Mlawi akawa afisa ndani ya gari jeupe la katoni, aliyefungua dirisha, akapiga picha, akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake. Watu walicheka sana, hata wafanyakazi wa mashirika waliokaa viti vya mbele. Msamaria akawa mfugaji wa Kinyankole, na kofia yake, na fimbo yake, na ule mwendo wa mtu asiye na haraka. Kijana aliyemwigiza anajua kuiga jamani. Alipomwinua aliyeumizwa, wamama wakapiga vigelegele. Kama igizo la kufurahisha watu lilikuwa zuri, sitajifanya.

Aliyeumizwa alilala chini ya kitenge tangu mwanzo hadi mwisho. Hana neno hata moja. Sehemu hiyo tulimpa kijana mmoja kwa sababu haogopi vumbi na hawezi kukariri.

Jioni nilimkuta mama anachambua maharage. Nikangoja anisifu.

“Ule mutu wa chini,” aliniambia, “juu ya nini hasemi kitu? Miye siku ile sikunyamaza.”

Siku ile ni ya mwaka 2018. Nilikuwa na miaka 16. Mama alikuwa na mimba ya miezi 7, na usiku damu ikaanza kutoka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeenda na wengine. Wa bodaboda aliye karibu alikataa, aliogopa mtu kumfia mgongoni, wala sikumlaumu sana. Tukatembea pole pole hadi barabarani, mimi, mama, na mama mmoja jirani yetu. Kwenye saa kumi alfajiri ikaja pikapu ya maziwa. Dereva mtu mzima, na kijana nyuma ameshikilia mikebe. Dereva alishuka, akateremsha mikebe minne, akamwacha yule kijana nayo kando ya njia, na mama akapata pa kulala. Mbarara tulifika kumekucha. Wodini, mwanamke aliyekuwa anamuuguza mumewe alitugawia uji wake na kutuazima beseni, maana sisi tulikuja mikono mitupu, na mnajua hospitali za huku: unakuja na beseni lako, shuka lako na mtu wa kukupikia. Mama alipona. Mtoto pia, sasa yuko darasa la pili na ni msumbufu.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, hata mbele ya wageni waliokuja kuangalia kazi yetu ya vijana. Na kila mara naisimulia hivyo hivyo kama nilivyowaandikia hapa juu: gari linakuja, mtu mwema anashuka, tunafika. Nikasoma tena nakala za nyuma za kijarida chetu, nikaona si mimi peke yangu. Msaada kwetu unakuja na malaika. Anatokea, hana jina, anatenda, anapotea. Na yule aliyesaidiwa anakuwa mzigo tu, kitu cha kubebwa. Mwandishi ni yeye mwenyewe, lakini ndani ya hadithi yake hana mdomo!

Nilidhani kosa ni la Luka. Nikafungua sura ya 10 nimtafute. Kweli, mtu aliyeangukia kwa wanyang’anyi hasemi kitu, tena wamemvua nguo, hata kabila lake huwezi kulijua kwa kumwangalia. Lakini angalia swali linavyogeuzwa. Mwanasheria anauliza jirani yake ni nani. Yaani anauliza akiwa amesimama: nani anastahili nimpe? Yesu anapomaliza, anamuuliza kitu kingine: kati ya hawa watatu, nani alikuwa jirani wa yule aliyeanguka? Hapo swali linaulizwa kutoka chini, mtaroni. Msikilizaji analazwa pale vumbini, anaangalia miguu ya watu inapita, anachagua.

Na anayechaguliwa ni mbaya kwake. Sura moja nyuma, ya 9, kijiji cha Wasamaria kimemkatalia Yesu pa kulala, na wanafunzi wawili wanataka moto ushuke uwateketeze. Kidonda bado kibichi. Ndiyo maana mwanasheria, alipotakiwa kujibu, neno “Msamaria” halikumtoka. Akasema tu yule aliyemhurumia. Hapo niliona aibu kwa igizo langu. Mimi nilimfanya Msamaria kuwa mfugaji wa Kinyankole. Ni rahisi mno! Huyo hajatuchomea nyumba, tumekuta ng’ombe zake hapa na sisi tukapewa viwanja vya kulima. Nakivale imepokea watu tangu karibu mwaka 1960, kwanza kutoka Rwanda, sasa tuko hapa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kila mtu kwenye lile uwanja ana watu ambao akisikia lugha yao usiku, tumbo linakaza. Msamaria wetu alipaswa kuongea hiyo lugha. Sitaitaja hapa, kila mtu anajua yake. Na mimi nimeshindwa kuitaja kama mwanasheria.

Mwenye nyumba ya wageni naye tulimkata, ati igizo ni refu. Pole kwenu wafanyakazi wa mashirika, kwa sababu huyo ndiye ninyi. Anapokea dinari mbili alizoacha mtu mwingine na anaambiwa amtunze mgonjwa. Si tusi, kazi yake inahitajika. Lakini ukimweka jukwaani itabidi ujibu: dinari mbili zikiisha? Msamaria alisema atarudi kulipa. Huku, mwaka 2023, chakula kilianza kugawanywa kwa makundi ya uhitaji, na wengine wakatolewa kabisa kwenye orodha. Hilo nalo ni igizo, tena refu.

Kuna mtu mmoja aliyeandika kutoka chini. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikimbilia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001 nimeisoma kwa Kiingereza kilichonishinda mara mbili. Mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick. Kiingereza anakijua, lakini ameshauriwa ajifanye hajui. Basi watu wanamzungumzia mbele yake kama vile ni sanduku. Afisa anamnyang’anya udi wake. Baadaye mwanamke mwema, Rachel, anamhangaikia mpaka anamtafutia mkalimani, kumbe mzee alikuwa anaelewa kila kitu. Akijua, anaudhika kidogo. Hapo nilicheka peke yangu. Msaidizi anaudhika kugundua kwamba aliyekuwa akimsaidia alikuwa anamtazama! Gurnah hamfanyi Rachel kuwa mbaya, wala malaika. Na mzee anabaki na siri zake, jina alilotumia si lake, ana makosa ya zamani. Anastahili msaada akiwa hivyo hivyo.

Basi nikamwambia mama aniambie yake, nami sikumkatisha.

“Sikulala. Nilikuwa nahesabia feza mu kitenge. Elfu kumi na mbili. Nikasema, akitaka zaidi, nitamupa kitenge.”

Kumbe mle nyuma ya pikapu alimuuliza dereva mara tatu, kwa kupiga kioo, anatupeleka wapi, na dereva hakujibu. Yeye na jirani wakashikana mikono, wakapatana kwamba gari likikata kuelekea porini, wanaruka. Na mimba ile, na damu ile. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yao, sikujua. Nilikuwa naangalia mikebe.

Tena kabla ya hapo. Pikapu haikuja ikasimama kama ninavyosimulia siku zote. Ilisimama mbali, injini inawaka, taa zikitupiga machoni, na ikakaa hivyo kwa muda mrefu sana. Sababu yake tuliipata miezi miwili baadaye, tulipomtafuta yule muzee kwa kuulizia kwa wanaokusanya maziwa, tukampelekea maharage na kuku. Kuku alimpokea kwa mikono miwili, akasema webare munonga, akatukalisha. Jirani yetu alitafsiri. Alisema alikuwa anaogopa. Alisikia Kiswahili gizani. Kwa wazee wengi wa huku Kiswahili ni lugha ya askari, tangu ukoloni mpaka enzi za Amin, na ya watu wanaokusimamisha njiani. Alikuwa anaangalia kama kuna wanaume majanini. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye mafuta.

Kilichomshusha ni mama. Mama alipoona gari limesimama halisogei, alimtukana. Alimtukana yeye, gari lake na maziwa yake, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Muzee hakuelewa neno hata moja, lakini alisema mwizi hawezi kukutukana hivyo, mwizi anakuita kwa upole. Huyu ni mama wa mtu na anaumwa. Akazima injini.

Hilo ndilo nililolikata miaka yote, kwa sababu nilidhani linamharibia mama jina.

Sasa naandika igizo upya. Yule kijana asiyeweza kukariri amepewa mstari mmoja, na mama mwenyewe amemfundisha kuusema, jioni mbili mfululizo. Anausema vizuri kabisa. Kamati imesikia ikasema tusi halifai mbele ya wageni, tuweke “nisaidieni”. Mama amesema kama ni hivyo, watafute mutu mwingine wa kulala chini.