Mashahidi wengi, Chingulia hayumo

Nimemaliza kitabu cha Freeman-Grenville, The Mombasa Rising against the Portuguese, 1631, kilichotoka 1980, na bado kinanikera. Si kwa ubaya. Ni kizuri, nd'o shida yenyewe.

Kama shuleni ulipewa mistari miwili tu, habari ni hii. Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Baba yake alizozana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa huko 1614. Wareno ndio walioshukiwa kulipia kazi hiyo. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa Jerónimo Chingulia. Alirudi kutawala 1626, na mwaka uliofuata akamwandikia Papa Urban VIII barua ya utii. Agosti 1631 akamuua kapteni wa Fort Jesus, Pedro Leitão de Gamboa, akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa.

Kitabu kimejaa ushahidi wa kiapo uliochukuliwa Goa baada ya mauaji, ili waliokufa watambuliwe na Kanisa. Kiswahili kina neno moja: shahidi ni anayesimama mbele ya kadhi, na shahidi ni aliyekufa kwa ajili ya dini. Humu ndani kila mtu ni shahidi wa aina moja au nyingine, isipokuwa Yusuf. Yeye anasemwa tu.

Huku Kona ya Musa, barazani, mambo hugeuzwa: Yusuf ni shujaa, mpigania uhuru kabla ya Mekatilili. Sawa, lakini hebu mwulize msimuliaji kuhusu Dom António wa Malindi. Alikuwa jamaa wa Yusuf, Mswahili kama yeye, akapewa nafasi ya kusilimu, akakataa, akafa. Hadithi ya ushujaa haina pa kumweka mtu huyo, kwa hivyo inamruka. Kitabu hakimruki, na hapo kinashinda baraza.

Kinaposhindwa ni pale kwenye kaburi la baba. Inasimuliwa kwamba Yusuf alionekana akiomba pale kwa namna ya Kiislamu, habari zikamfikia kapteni. Kwa Wareno huo ni ushahidi wa unafiki. Mimi mamangu ni Mkristo, babangu Mdigo Mwislamu; nimenyoosha mikono nikamwombea babu, na Jumapili nikamsindikiza mama kanisani. Wallahi sikuona unafiki. Nilimwona mtoto kwenye kaburi la mzazi, na mtu pembeni anayehesabu.

Watawa waliomlea walibeba jina la Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, msomi mkubwa wa Kanisa la mwanzo, ambaye mwishowe alikubali dola itumie nguvu kuwarudisha Wadonatisti kundini. Sisemi Yusuf alimsoma. Lakini miaka yote ile Goa alilelewa na watu walioamini imani inaweza kulindwa na mtawala, na alipopata upanga akafanya vivyo hivyo, kwa dini nyingine. Freeman-Grenville angeweza kukaa hapo kidogo. Amepita haraka mno.

Wareno waliizingira ngome 1632 wakashindwa. Yusuf akaondoka kwa hiari yake, akawa mharamia wa baharini, akafa Bahari ya Shamu mnamo 1638. Juu ya lango la Fort Jesus, kapteni Cabreira, aliyeteuliwa 1635 akiwa na miaka 27, alichonga sifa zake mwenyewe: amejenga upya, amevunja kuta za Pate, ameadhibu Pemba. Yusuf yumo kama mfalme dhalimu tu.

Kipitie kivuko cha Likoni ukayaone hayo maandishi kwanza, ndipo ufungue kitabu.