Sifa ya Mpinda Reli

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni kushuka. Mbinga iko kwenye milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, ambalo Mbamba Bay iko ufukweni mwake, liko kwenye mita 475 hivi. Tofauti hiyo yote lazima imalizwe kwa miteremko na kona, na abiria wa kiti cha dirishani huijua kwa tumbo kabla ya kuijua kwa macho. Akiusikiliza mwili wake vizuri, ataona kwamba ukali wa kona peke yake haumsumbui. Kona kali iliyoingiwa taratibu, usukani ukizungushwa kidogo kidogo, humwegemeza upande mmoja kisha humrudisha bila karaha. Kona ya kawaida iliyoingiwa kwa pupa humgongesha kichwa kwenye kioo. Kinachoumiza mwili ni badiliko la ghafla. Ndiyo maana wahandisi wa barabara na wa reli hawaungi mstari ulionyooka na duara moja kwa moja: katikati huweka kipande cha njia kinachojipinda kidogo mwanzoni, kisha zaidi na zaidi, hadi kifikie ukali wa kona yenyewe. Wanahisabati hukiita klothoidi. Hakuna abiria anayekitambua kipande hicho, nacho ndicho kinachowezesha binadamu kugeuzwa kichwa chini miguu juu na kuteremka akicheka. Fundi aliyekipandisha hewani anastahili sifa kubwa kuliko anazopewa.

Ninazungumzia rolakosta, treni za michezo zinazopita kwenye vitanzi vya chuma. Majaribio ya mwanzo yaliharibika kwa kukosa kipande hicho. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, ilifunguliwa Flip Flap, yenye kitanzi cha duara kamili, kipenyo chake kama mita saba na nusu. Duara linapendeza machoni, lakini shingo haliisamehi. Gari lililokuwa likikimbia kwenye reli iliyonyooka liliingia duarani papo hapo, na uzito wa abiria ukapanda kwa mkupuo. Hukadiriwa kuwa ulifika mara 12 ya uzito wa kawaida. Watu walishuka wameshika shingo, na baada ya miaka michache mchezo ukafungwa. Mtu atadhani dawa ni kujenga duara kubwa zaidi. Hesabu inakataa. Treni ikiwa na kasi ndogo kabisa inayotosha kuvuka kilele cha duara bila kudondoka, abiria akiwa chini kabisa atalemewa na uzito wake mara sita, na ukubwa wa duara hauipunguzi sita hiyo hata chembe. Loop the Loop ya mwaka 1901, iliyorefushwa umbo kidogo, ilikuwa na nafuu, ila ilibeba watu wachache mno kiasi kwamba haikulipa. Kisha vitanzi vilikaa kimya kwa miongo mingi. Mwaka 1975 kampuni ya Arrow ilirudisha mchezo wa kupindua watu kwa reli iliyosokotwa kama skrubu, na mwaka 1976, huko California, Mjerumani Anton Schwarzkopf akajenga Revolution, kitanzi cha kusimama kilichopigiwa hesabu na mhandisi Werner Stengel. Kitanzi cha Stengel ni kipana chini na chembamba juu. Chini ndipo penye kasi, kwa hiyo reli inajikunja kwa upole. Kadiri treni inavyopanda na kuishiwa kasi, ndivyo reli inavyoruhusiwa kujikaza. Ukali wa mpindo umepimwa hatua kwa hatua kulingana na kasi iliyobaki. Sioni umbo lingine katika uhandisi ambamo huruma kwa mwili wa mtu imeandikwa waziwazi namna hiyo.

Basi anayekwenda kupanda kwa mara ya kwanza atarajie nini? Kwanza asitarajie kuanguka. Kwenye kitanzi kilichopindwa vizuri, mtu aliye juu kabisa, nywele zikielekea ardhini, bado anasukumwa kidogo kwenye kiti chake, kwa kuwa treni inakimbilia mbele na reli inaikatalia. Mzigo mkubwa uko chini, wakati wa kuingia na wa kutoka: mashavu yanavutwa, mikono inakuwa mizito kuinua, damu inaelekea miguuni. Ni sekunde moja au mbili. Reli ya skrubu ina tabia nyingine. Huyumbisha kichwa kushoto na kulia, na asiyeegemeza kichwa nyuma vizuri hupigwa masikio na vyuma vya mabegani. Mageuko ya polepole ndiyo yanayotisha zaidi, maana hapo kasi haitoshi kumbana mtu kitini, na kwa kitambo anabebwa na kizuizi chenyewe. Treni haitegemei kizuizi hicho ili isitoke kwenye reli. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: yanayokanyaga reli kwa juu, yanayoibana kwa ubavu, na yale yanayoikumbatia kwa chini, ambayo Mmarekani John Miller alipata hataza yake mwaka 1919. Behewa liko tayari kwa safari ya kichwa chini kuliko abiria wake. Mwenye mimba, mgonjwa wa moyo na mwenye maumivu ya shingo au mgongo abaki chini awashikie wenzake mikoba.

Atakuwepo wa kusema kuwa haya yote ni hatari ya kujitakia. Hoja hiyo inastahili jibu la kweli, kwani watu wameumia. Kwenye bustani ya michezo ya Alton Towers, Uingereza, kuna rolakosta iitwayo Smiler, iliyofunguliwa mwaka 2013 ikiwa na mageuko 14. Juni 2015 treni yake yenye watu 16 iligonga behewa tupu lililokwama njiani, na wasichana wawili wakapoteza mguu kila mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Lakini sababu ya ajali ile haikuwa kugeuzwa. Mitambo ya usalama ilikuwa imeisimamisha treni. Wafanyakazi wakadhani mitambo imekosea, wakaipita amri yake. Dereva anayeteremka kwenda Mbamba Bay na gia huru ili kuokoa mafuta hana haki ya kuilaumu kona. Wala kasi na kugeuzwa si jambo moja: Formula Rossa ya Abu Dhabi, ilipofunguliwa mwaka 2010, ilikuwa ya kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na haimgeuzi mtu hata mara moja.

Mwingine atasema ni anasa, na kwamba akili nyingi hivyo zingetumika kwenye kazi ya maana. Ninamheshimu, lakini namwomba atazame mashamba ya Umatengo. Kwa zaidi ya karne Wamatengo wamelima ngolo kwenye miteremko: nyasi hukatwa na kulazwa kwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na shimo linabaki katikati ya kila mraba. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kukimbia hadi bondeni. Hupunguzwa kasi shimo kwa shimo, na udongo unabaki shambani kwa ajili ya maharage na mahindi. Kazi ya Stengel ni hiyo hiyo, kuugawa mteremko ili nguvu yake isiangukie mahali pamoja. Kwamba mmoja analisha watu na mwingine anawafurahisha hakupunguzi ustadi wa yeyote.

Imebaki hoja ninayoiona nzito kuliko zote: kwamba labda mwili unatulia kwa sababu macho yanaona kitanzi kinakuja, na mpindo wa reli unasifiwa bure. Jibu liko Johannesburg, kwenye ardhi ya migodi ya dhahabu ambayo zamani iliwavuta vijana wengi wa kusini mwa Tanganyika. Bustani ya michezo ya Gold Reef City imejengwa kwenye mgodi wa zamani, na huko ndiko kilikohamishiwa kitanzi kimoja cha Schwarzkopf, kilichopewa jina Golden Loop. Treni yake hurushwa, hupita kitanzini, hupanda reli iliyokatikia angani, husita, kisha hurudi kinyumenyume na kupita kitanzini mara ya pili. Mara hiyo macho hayana msaada, maana mgongo ndio uliotangulia. Uzito unaongezeka na kupungua kwa utaratibu ule ule wa mwanzo, kwani kitanzi kimepindwa sawasawa upande wa kutokea na upande wa kuingilia.